Mkono wa Rehema Kwenye Fidla

Mimi na mama tulisafiri kutoka kwetu Masaki, kijijini Kisarawe, kwa sababu ya mkono wa mdogo wangu, Rehema. Mwaka jana alianguka na bodaboda, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, na huo ndio unaobonyeza nyuzi za fidla. Jumamosi hiyo alikuwa anarudi jukwaani kwa mara ya kwanza. Alishamwambia mama kwenye simu kwamba mkono ukigoma, fidla anaiacha.

Asubuhi tulipanda pikipiki hadi Kisarawe mjini. Hapo jirani yetu mwenye gari akatuchukua kwa njia ya Kiluvya, tukatokea barabara ya Morogoro. Njia nzima midomo ya mama ilicheza kwa dua tu.

Maili Moja tuliswali adhuhuri, tukala wali maharage, tukaendelea mpaka Tumbi, anakoishi Rehema na ndiko ulikokuwa ukumbi wa onyesho.

Ukumbini Rehema alikuja kumwamkia mama, akatueleza muziki wenyewe. Ni wa Ulaya, wa karne ya kumi na tisa, umetungwa kwa watu wanne: mpiga piano, yeye na fidla yake, mwenye fidla ya sauti nene kidogo, na mwenye ile kubwa inayobanwa kati ya magoti. Hakuna wa kuwaongoza. Wanasikilizana.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kwa kasi, ikatuburudisha. Ya pili ilikuwa ya polepole, na hapo vidole vya Rehema vikakakamaa. Sauti ikakatika. Akaishusha fidla. Mama alinishika goti, akanifinya.

Mpiga piano, mama mmoja wa makamo, hakuacha kupiga. Alirudi nyuma kidogo kwenye muziki, akapiga kipande kilekile taratibu, akakirudia tena. Wale wawili wakamfuata kwa sauti ya chini. Rehema alikunjua vidole, akavikunja, akaipandisha fidla begani, akaingia. Wakapiga hadi mwisho, na watu wakasimama kupiga makofi.

Tulipotoka nje mama alimuuliza, "Sasa unaiacha?"

"Niiache vipi, mama, na umeona walivyoningoja?"

Tulilala kwake. Kesho yake asubuhi tulirudi nyumbani kwa njia ileile, na safari hii mama aliongea mpaka Kisarawe.

Nilikwenda nikidhani muziki ule ni wa watu wasiokosea. Kumbe hukosea kama sisi, ila hakuna anayetangulia akamwacha mwenzake njiani.