Ngazi za Mzee Wieczorek

Vernita Oglesby ameendesha basi la shule hapa Erie, mji wa Marekani ulio kando ya ziwa, kwa miaka kumi na saba, na kumi na miwili kati ya hiyo nimeendesha naye. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika kiti cha nyuma kabisa bila kipaza sauti. Watoto wakorofi wanaotushinda sisi wengine huhamishiwa basi lake, na baada ya wiki mbili utawaona wanashuka huku wakisema asante.

Miaka hiyo yote alikuwa mpangaji. Aliishi na mama yake, Mama Earlene, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kufulia nguo, na sakafu yao ilitetemeka kila mashine zilipoanza kukamua. Mama Earlene alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, akawa hatoki nje isipokuwa Jumapili. Hata hiyo Jumapili ilimbidi ashuke kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, kofia ya kanisani kichwani, huku akiimba kwa nguvu ili majirani wasimwonee huruma. Vernita alitangulia chini yake kumkinga. Aliniambia kwamba katikati ya ngazi hizo, siku moja ya Februari, ndipo alipoapa kwamba mama yake hatazeekea pale.

Kilichomkwamisha ni kianzio. Kulipa mkopo wa nyumba mwezi kwa mwezi angeweza, maana kodi aliyokuwa akilipa ilikuwa karibu sawa na huo mkopo. Lakini benki inataka kwanza uweke fungu kubwa mezani, na Vernita kila alipofika nusu, ama gari lilikufa au jino liliuma. Ndipo likabandikwa tangazo kwenye chumba chetu cha mapumziko: mji unawapa kianzio watu ambao hawajawahi kumiliki nyumba, wala hakirudishwi, mradi uhudhurie darasa, nyumba ipite ukaguzi, na uishi humo miaka mitano. Mimi nilisema huo ni utapeli. Vernita alilibandua tangazo, akalikunja, akalitia mfukoni ili sisi wengine tusimtangulie.

Darasa lilikuwa Jumamosi nne maktabani. Aliuliza maswali mengi hadi mwalimu akamwomba aachie wenzake nafasi, na wenzake wakasema hapana, mwache aulize, anauliza yetu.

Baada ya hapo dalali alimzungusha nyumba sita. Nyingine zilikuwa na ngazi ndefu, nyingine zilinuka paka. Ya saba ilikuwa upande wa mashariki, nyumba nyeupe yenye baraza na chumba cha kulala chini, ngazi nne tu kutoka njiani. Vernita alipoiona anwani aliguna. Nyumba hiyo ilikuwa pembeni mwa njia yake. Kwa miaka tisa mwenye nyumba, Mzee Zygmunt Wieczorek, alikuwa akisimama barazani kila asubuhi na kumtikisia kidole kwa sababu basi lilipokata kona gurudumu la nyuma lilipanda nyasi zake. Mara mbili alipiga simu ofisini kwetu kumshtaki.

Mzee alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatuni.

"Wewe," alisema.

"Ni mimi, mzee wangu."

"Basi namba thelathini na moja."

"Ndilo hilohilo."

Dalali alidhani mambo yameishia hapo. Mzee akasogea pembeni awapishe. "Ingia basi. Ukinunua wewe, angalau utakuwa unakanyaga nyasi zako mwenyewe."

Vernita alikagua kila kabati. Aliuliza koleo la theluji hutundikwa wapi, na dirisha lipi huvuja upepo wa ziwani. Mzee alimjibu yote, tena kirefu, kwa kuwa tangu mkewe Halina afariki hakuwa amepata mtu wa kumweleza habari za nyumba ile. Alikuwa anahamia kwa binti yake Arizona. Kampuni moja ya kununua nyumba ilikuwa tayari imemwahidi fedha taslimu, lakini alikubali kumpa Vernita mwezi mmoja akamilishe mambo ya fedha.

Kisha akaja mkaguzi wa mji, dada mmoja mpole mwenye tochi. Paa lilipita, umeme ulipita. Ngazi za mbele hazikupita. Mbao zilikuwa zimeoza chini na hapakuwa na kishikio. Fedha za mji hazingetoka mpaka zitengenezwe.

Mzee Wieczorek hakutaka kusikia. Alisema amezipanda miaka arobaini na moja wala hajaanguka, na kwamba ile kampuni haikuuliza habari za ngazi. Vernita akamwomba ruhusa azitengeneze yeye mwenyewe, kwa gharama yake. Mzee alikubali kwa shingo upande. Dalali alimwonya kwamba huyu bado anaweza kubadili mawazo, na mbao zikishapigwa misumari haziondoki. Mama Earlene alipopata habari alicheka hadi akashika nyonga.

"Mwanangu," alisema, "yaani unamjengea mwanamume ngazi kabla hajakuposa?"

"Mama, mimi nazijenga kwa ajili yako."

"Basi hakikisha ziko imara. Mimi si mwepesi."

Tulikwenda madereva watano, Jumamosi ya mwezi Mei. Ramona Dudek, ambaye baba yake alikuwa seremala, ndiye aliyekuwa msimamizi, na sisi wengine tulibeba, tukakata, tukagombezwa. Mzee alikaa barazani kwenye kiti chake akitusimanga. Ubao ule umepinda, alisema. Ramona akasema haujapinda. Mzee akaingia ndani, akarudi na pima maji yake ya zamani, akaiweka juu ya ubao. Ulikuwa umepinda. Akarudi kitini, akakaa kwa raha zaidi.

Tulipong'oa kipandio cha juu kabisa, Ramona alikigeuza ili akitupe, akaacha. Kwa chini kulikuwa na maandishi ya penseli: Zygmunt na Halina, na mwaka. Mzee alishuka kutoka barazani kwa kuzunguka mlango wa nyuma, akaupokea ule ubao, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati. Alituambia kwamba ngazi zile alizijenga mwenyewe mwaka waliohamia, Halina akimshikia mbao, akiwa na mimba ya binti yao. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini alikuwa mgumu vile. Vernita alimwomba msamaha kwa kuzivunja.

"Zimeoza," mzee alisema. "Nilikuwa najua kwamba zimeoza. Nipeni nyundo."

Tangu hapo alifanya kazi kuliko sisi. Saa sita alituletea pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, kutoka kanisani kwao, nasi tulikuwa na mikate ya duara yenye soseji kali ya pepperoni ndani, tukala tumekaa kwenye nyasi zilezile. Tukiwa tunakula simu yake ililia. Ilikuwa ile kampuni, wameongeza bei. Mzee alisikiliza, akatafuna, akameza.

"Mmechelewa," alisema. "Nyumba ina mtu."

Vernita aligeuza uso upande wa barabara, na Ramona akajifanya anatafuta skrubu.

Mkaguzi alirudi Jumatano. Alipanda, akashuka, akatikisa kishikio kwa mikono miwili, akatia saini. Juni kumi na nne Vernita naye alitia saini, karatasi nyingi mno hadi vidole vikamuuma, na akapewa funguo mbili. Siku hiyo hiyo Mama Earlene alishuka zile ngazi za ghorofa ya tatu kwa mara ya mwisho. Huko upande wa mashariki alishika kishikio, akapanda vipandio vinne kwa miguu yake mwenyewe, akafika barazani akihema, akadai kiti. Mzee Wieczorek alimwachia chake.

Sasa ni mwaka wa pili. Mama Earlene analima sukuma wiki uani na hurudi ndani pale anapotaka tu. Mzee hupiga simu kutoka Arizona kila Jumapili kuulizia mtambo wa kupasha nyumba joto, na wakati mwingine yeye na Mama Earlene huongea hadi chakula kinapoa. Vernita ameitwa maktabani mara tatu kuwasimulia watu wa darasa. Mara ya mwisho nilikwenda naye, nikidai namsindikiza tu, nikaondoka na fomu. Darasa langu linaanza Septemba.