Kimya cha Tustroki

Wanaume wa uwanja wa mbio walimwita Mama Povu, maana kila walipomtafuta walimkuta amezama kwenye povu hadi viwiko. Kazi yake ilikuwa kuwafulia waendesha kwodi, zile pikipiki za magurudumu manne zinazoruka vichuguu vya udongo kama panzi waliochokozwa. Wakishamaliza mbio, nguo humfikia zimekauka kwa tope hata suruali ingeweza kusimama yenyewe na kumwamkia.

Beseni lake lilikaa nyuma ya karakana, penye bomba. Kati ya bomba na njia ya mbio kulikuwa na tuta refu la udongo, kwa hiyo mbio zote alizifuata kwa masikio, na baadaye kwa nguo. Mashine zilikuwa za aina mbili. Fostroki ni nzito, inanguruma kama lori linalopanda mlima, na nguvu zake zinakuja polepole kama za ng'ombe. Tustroki ni nyepesi, petroli yake inachanganywa na oili, inatoa moshi na kupiga kelele ya nyigu. Inasinzia, inasinzia, halafu ghafla inaamka na hasira zote. Hayo alielezwa na mumewe. Mengine alijifunza kwenye beseni. Aliyeanguka na fostroki, ile mashine humlalia, na shati lake huja limesuguliwa kifuani. Wa tustroki hurushwa kinyumenyume, na shati lake huja limechanika mgongoni. Hakuna aliyemfundisha. Ni kufua tu.

Mumewe alikuwa ndiye fundi wa uwanja, na wote walimwita hivyo, Fundi, hata mama yake mzazi alipokuwa na hasira naye.

Sasa mwenye uwanja alikuwa anahamia kwa wanawe, mbali, na kazi anamwachia mdogo wake. Siku ya kuaga alimsimamisha Fundi katikati ya karakana.

"Miaka yote hii hujaniharibia hata nati moja," alimwambia. "Kwodi zangu mbili zile pale, tustroki na fostroki. Chagua moja iwe yako. Nyingine naondoka nayo Jumamosi."

Mama Povu alikuwa mlangoni, kapu la nguo kiunoni na mtoto mgongoni, akakiona kidole gumba cha mumewe kikianza kubonyeza hewa. Kwenye kwodi mafuta hayavutwi kwa kuzungusha mshikio kama kwenye pikipiki. Kuna kijiti kidogo upande wa kulia, na kidole gumba ndicho kinachokibonyeza. Gumba la Fundi lilibonyeza, likaachia, likabonyeza tena. Hapo mkewe akajua.

Fundi aliwahi kushindana mara moja tu, kwa mashine ya kuazima, akarudishwa na mtulinga umevunjika. Mama Povu alimfunga vifungo vya shati, akamkatia chakula, akamkuna mgongo asipofika, akawa kama ana watoto wawili ndani ya nyumba. "Mashine za kuazima basi, mama," Fundi alimwahidi akiwa kitandani. Yeye alishukuru, akaona mambo ya mbio yamekwisha. Kumbe mwenzake alikuwa anangoja ya kwake.

Karakana nzima ikageuka baraza la wazee.

"Chukua tustroki," alisema Kinyozi, ambaye kweli alikuwa kinyozi na hata akipanda kwodi alinukia poda. "Nyepesi. Ikikorofisha unaifungua mwenyewe juu ya meza, pistoni moja na ringi zake, chakula kinaiva umeshamaliza. Fostroki ina valvu, ina mnyororo tumboni, utaiuguza kama mkwe."

"Nyepesi kama akili yako," alijibu Trekta, dereva wa trekta la kusawazisha njia. "Hiyo ukiachia mafuta haikusaidii kitu, inakwenda tu kama mbuzi aliyekata kamba. Fostroki ukiachia inajizuia yenyewe. Fundi ana mtoto, bwana!"

"Ana mtoto, ndiyo. Kwani anaenda kumpakia?"

Wakacheka. Fundi hakucheka. "Na hewani?" aliuliza.

"Hewani zote ni moja," alisema Trekta, safari hii bila mzaha. "Ukiwa juu, ukigusa breki pua inashuka, ukibonyeza mafuta pua inapanda. Kwa hiyo gumba litulie. Ukilichezesha tu, unatua na mkia, na ukitua na mkia…" Alimalizia kwa kupiga kiganja juu ya kiganja, pa!

Kinyozi akamwona Mama Povu pale mlangoni. "Shemeji, tuamulie. Wewe ungemchagulia ipi?"

"Mimi ningemchagulia baiskeli."

Walicheka hadi Kinyozi akajishika mbavu. Naye akacheka nao, akaenda kuanika.

Nyumbani alimkuta mama mkwe anachambua mchele, ungo mapajani. Akaketi karibu, akaanza kuokota mawe upande wake wa ungo.

"Mama, mwambie mwanao."

"Nimwambie nini, mwanangu? Baba yake alikuwa anapanda nguzo za umeme bila kamba. Nilisema mpaka ulimi ukaota sugu. Na huyu nilimzaa bila breki. Wewe ulimchukua hivyohivyo, hukuuliza."

"Nilidhani anazo, ila hazijakazwa."

Mama mkwe akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akapepeta ungo kidogo, pumba zikaruka. "Wanasema mchagua jembe si mkulima," alisema. "Lakini mwenzio usimwone anachagua ukadhani anasitasita. Moyoni ameshafika shambani, anatafuta mpini tu."

Jioni, sahani zimeondolewa, Fundi alimpakata mtoto. Mtoto alikamata lile gumba kwa mkono mzima, akalitia mdomoni, akalitafuna kwa fizi.

"Wewe unaonaje?" Fundi alimuuliza mkewe. "Sema kweli. Hii mashine itakaa nyumbani mwetu."

Alikuwa anauliza kwa dhati, na hilo ndilo lililomchoma. Angeuliza kwa mzaha, angejibiwa kwa mzaha. Mama Povu akafungua mdomo. Alitaka kusema: yoyote, baba, ilimradi ikae tu uani, kuku watagie ndani yake. Lakini alimwona usoni, jinsi alivyokuwa mpya, kama siku alipokuja kuposa na viatu vinavyombana. Akawaza fostroki, akaona kifua kimesuguliwa. Akawaza tustroki, akaona mgongo umechanika. Kumbe mume wake anamtaka amchagulie shati.

"Zijaribu kwanza," alisema. "Usinunue ng'ombe kwa mlio."

Jumamosi asubuhi Fundi alizijaribu zote mbili. Mama Povu alikuwa kwenye beseni, na zaidi ya tuta alilokuwa akilitazama kila siku, hakuona kitu. Kwanza fostroki ilipita. Aliisikia inatoka, aliisikia kwenye kona, na hata Fundi alipoachia mafuta kwenye mteremko ilikohoa na kupasukapasuka, pa-pa-pa, kama mzee anayejua njia. Iliruka kichuguu kikubwa ikiwa bado inanung'unika. Mikono ya Mama Povu iliendelea kufua.

Halafu ikaja tustroki. Ilipiga yowe hadi mtoto akaziba uso kwa kanga ya mama yake. Yowe likapanda, likafika penye kichuguu kikubwa, likakatika.

Hakukuwa na kitu. Maji tu yakidondoka kutoka bombani. Mama Povu alishika kola ya shati la mtu, akaliacha povu lijipasukie lenyewe. Mumewe alikuwa huko juu, hewani, na huku chini hapakuwa na hata uzi wa sauti wa kumshikia. Kisha kishindo, na yowe likaendelea, nyigu yuleyule. Alipotazama mikono yake, vifungo viwili vya shati vilikuwa vimeng'oka.

Fundi alikuja mbio, helmeti kwapani, vumbi hadi kwenye kope. Kinyozi na Trekta nyuma yake.

"Haya, mke wangu. Umezisikia?"

"Ile ya kwanza," alisema Mama Povu. Lilimtoka kabla hajajizuia. "Chukua ile ya kwanza. Ile inasikika."

"Inasikika?"

"Hata ukiachia mafuta. Ile nyingine ukiruka inanyamaza. Sijui kama upo."

Kinyozi akapiga kofi paja lake. "Nimesikia watu wakichagua kwa bei, kwa rangi, kwa taa! Huyu shemeji anachagua kwa masikio!"

Trekta hakucheka. Alitazama tuta, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, akamvuta Kinyozi shati wakaondoka.

Fundi akachuchumaa kando ya beseni. Hakumdhihaki. Alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mteja mwema: kwamba tustroki anaweza kuitengeneza peke yake, kwamba fostroki ikifa valvu hana vifaa, kwamba uzito wa fostroki ungeurudia mtulinga wake kila kona. Yote yalikuwa kweli. Mkewe alisikiliza, akaitikia, na kila alipoitikia aliona mlango unazidi kufungwa.

"Umeshachagua, basi," alisema.

"Nimechagua. Ila nilitaka tuwe pamoja."

"Tuko pamoja, baba. Ningekwenda wapi?"

Fundi aliinamisha kichwa, akafikiri. Kisha uso ukamng'aa. "Nitakupa sauti," alisema. "Nikiwa juu ya kichuguu kikubwa nitabonyeza kidogo tu. Ukisikia ngee! hewani, ujue ndiyo mimi, nakusalimia. Sawa?"

Kwa furaha ya kukumbukwa, Mama Povu alitabasamu. Mumewe alipokwisha kumfuta mtoto kamasi kwa gumba na kuondoka, ndipo onyo la Trekta kuhusu gumba hewani lilipomrudia kichwani, na viganja vyake. Pa!

Akanyanyuka amwite. Lakini mwenye uwanja alikuwa anapakia fostroki kwenye gari, watu wanapeana mikono, wanapigana mabega, na Fundi yuko katikati yao kama bwana harusi. Nitamwambia nyumbani, akasema moyoni. Na nyumbani wakaja majirani kuiona mashine, mama mkwe akaigusa tairi kwa ncha ya kidole kama anayeonja uji wa moto, na neno likakosa pa kupenya. Siku zilizofuata Fundi alilala ameifungua na kuamka anaifunga, anaimba. Mara mbili Mama Povu alianza kumwambia. Mara mbili yeye akamkatiza: "Nimekumbuka, mama! Sauti yako sijaisahau."

Siku ya mazoezi Mama Povu alikuwa kwenye beseni, mtoto ameketi kwenye kapu la nguo. Yowe likatoka, likazunguka, likapanda kichuguu kikubwa, likakatika. Na hapo, katikati ya kile kimya, juu kabisa: ngee!

Moyo wake ulijaa na kuganda kwa wakati mmoja. Mumewe alikuwa hai huko hewani, na anamkumbuka, na pua ya mashine inapanda.

Kishindo kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyowahi kuvisikia. Chuma kikalia. Halafu kimya cha aina nyingine. Mama Povu alimbeba mtoto, akalipanda tuta kwa magoti na mkono mmoja, povu bado viwikoni.

Alimkuta Fundi ameketi chini, Trekta amemshika bega. Mashine ilikuwa imelala ubavu, mkia umepinda. Fundi alimwona, akacheka, meno meupe katikati ya tope.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia." Alipita nyuma yake. Shati lilikuwa limechanika mgongoni, kama alivyojua, na chini yake ngozi imekwaruzika inavuja. Akaweka kiganja chake pale, sabuni ikamwasha Fundi, akaruka kidogo. "Nimekusikia, baba wa mtoto wangu. Usirudie."

"Ila ulisema ukinyamaziwa unaogopa."

"Nitaogopa." Alifuta tope usoni mwa mumewe kwa upindo wa kanga, hapa na pale, kama anayetafuta mahali pa kuanzia. "Gumba lako litulie. Nyamaza tu ukiwa huko. Nyamaza kabisa."

Alimwona akielewa, na akamwona hana nia ya kuacha mbio. Fundi aliunyoosha mkia wa mashine kwa nyundo, Trekta akishika upande wa pili, na jua lilipogeuka akavaa helmeti tena. Mama Povu alirudi upande wake wa tuta. Shati lililochanika akaliloweka peke yake, maji yakageuka rangi.

Nyigu akaanza. Akazunguka kona, akaja, akapanda. Sauti ikakatika.

Mama Povu akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akangoja katika kimya alichokiomba mwenyewe.