Nilifufua lori la marehemu baba, likazima mara tatu kati ya Kongwa na Dodoma

Wakuu, mbukwenyi! Wasio wa Dodoma, hiyo ni salamu yetu, itikieni tu.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijahadithiwa. Kuna sehemu naonekana mjinga na ningependa kuiruka, ila nikiiruka hakuna kisa. Nitaiweka kama ilivyo, mcheke mmalize.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, naishi Kikuyu hapa Dodoma mjini. Hiyo fizikia itanidhalilisha huko mbele.

Marehemu baba alikuwa dereva, na mwisho wa safari yake ya kazi alikuwa na lori lake mwenyewe. Lori la pua, yale ya zamani ambayo injini iko mbele ya dereva na bodi ni la mbao. Alikuwa anazunguka nalo vijiji vya Kongwa akibeba karanga, alizeti na mahindi ya watu.

Alipofariki, lori likabaki pembeni ya nyumba miaka tisa. Kuku wanataga kwenye kiti cha utingo. Panya wamekula nyaya zote. Mama alikuwa akienda kuteka maji anapita upande wa pili wa nyumba ili asilione.

Sasa mwaka jana, likizo ya katikati ya mwaka imeanza tu, mama ananipigia.

"Watu wa skrepa wamekuja. Wana gesi yao ya kukatia. Nimewaambia sawa."

Wakuu, nilipanda gari siku hiyo hiyo.

Sikuwa na mpango wowote wa biashara, nisiwadanganye. Nilikuwa sitaki tu likatwe vipande. Nimekulia kwenye lile lori. Nikambembeleza mama kama mtoto. Akamaliza kupepeta mtama wake, ndipo akasema:

"Nakupa likizo yako hii. Likitoka hapa likafika kwako Dodoma kwa miguu yake, ni lako. Likivutwa hata hatua moja, wanalikata. Na mimi nitapanda, nione mwenyewe. Sitaki kulitazama tena limekaa."

Wanaomjua mama yangu wanajua hapo hakuna rufaa.

Nikamtafuta fundi. Mafundi wengi siku hizi wanataka gari la kuchomeka kompyuta. Ukiwaambia lori la pua wanakucheka. Nikaelekezwa kwa Mzee Jumbe, mzee wa mjini kabisa. Hao ndio wale ambao mababu zao walipita hapa na misafara ya kwenda Tabora, wakapapenda, wakabaki wakifanya biashara. Atakuambia hilo ndani ya dakika tano za kwanza. Fundi na dereva, leseni yake ya magari makubwa iko hai. Hasira zake nazo ziko hai.

Siku ya kwanza alipofika kijijini nikaanza kumuuliza kwa nini hiki kiko hivi, kwa nini kile kiko vile. Akaniangalia.

"Mwalimu, fizikia yako iache getini. Hapa shika spana."

Lakini wakuu, niliipenda ile kazi! Lori la zamani halifichi kitu. Unaona bomba linatoka hapa linaingia pale. Unaweza kulifuata kwa kidole mpaka mwisho. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki kabisa. Tukamimina oili kwenye silinda, tukaiacha siku nne, halafu tukaanza kuizungusha kwa mtaimbo, kidogo mbele, kidogo nyuma. Iliposogea mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Tukabadilisha mipira yote ya breki, nyaya, betri. Tukapata matairi yaliyotumika yenye hali nzuri. Tenki la dizeli tukalishusha, tukaliosha mara tatu.

Sasa hapo kwenye tenki.

Mdomo wa tenki haukuwa na mfuniko. Kulikuwa na kitambaa kimefungwa kwa kamba ya mpira wa tyubu. Kichafu, cheusi, kinanuka. Nikasema mzee wangu naye, lori zima hili anafunga na tambara! Nikalitupa shimoni na takataka nyingine.

Mzee Jumbe alikuwa ameenda swala ya Ijumaa. Nikaingia mtaani nikapata mfuniko wa chuma, mzuri. Vumbi la Kongwa mnalijua, linaingia mpaka kwenye sahani iliyofunikwa. Kwa hiyo nikakata duara la tyubu nikaliweka chini ya mfuniko ukaze vizuri. Halafu nikaona katikati ya mfuniko kuna katundu kadogo. Nikakaziba na gundi ya chuma.

Mafundi mliomo humu najua mmeshaanza kucheka. Subirini kidogo, bado.

Mzee Jumbe aliporudi akauona, akaugonga na kidole. "Safi." Hakuona hiyo gundi kwa sababu niliipaka rangi. Nilivimba kichwa siku nzima.

Tukaliwasha. Likawaka! Moshi mweusi, halafu wa kijivu, halafu ukapungua. Tukalizungusha hapo kijijini dakika kumi, safi kabisa. Mama alikuwa ndani, hakutoka.

Siku ya safari tukajaza dizeli mpaka shingoni. Mama akapanda amevaa vizuri, kanga mbili, mfuko wake mapajani, akakaa dirishani. Asubuhi nzuri, baridi la Juni, barabara nyeupe.

Kama dakika ishirini hivi, kabla ya kufika Mbande, lori likaanza kukohoa. Likapungua nguvu. Likazima.

Mzee Jumbe akashuka. "Limekula hewa." Akafungua chujio, akatoa upepo, akafungua mfuniko wa tenki akachovya kijiti kuangalia mafuta, yapo tele, akafunga. Akapiga selfu. Likawaka.

"Nimekwambia," akasema.

Tukaingia barabara kuu. Nikaanza kuimba kimoyomoyo. Nusu saa baadaye, tunakaribia Chamwino, kikohozi kile kile. Kimya. Malori makubwa ya siku hizi yanatupita, upepo wake unatutikisa.

Safari hii Mzee Jumbe alibadilisha chujio zima. Akatoa upepo. Akachovya kijiti tena. Likawaka. Lakini hakusema "nimekwambia".

Mama akaniuliza kwa Kigogo kama ndilo lori nililolikeshea likizo nzima. Nikamjibu liko sawa mama. Halikuwa sawa.

Sasa tukiwa tunakwenda nikaanza kuwaza. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, mniwie radhi nikirefusha.

Kama ni pampu ya dizeli inakufa, si ingekuwa inazidi kuwa mbaya? Lakini mara ya kwanza lilikwenda dakika ishirini, mara ya pili nusu saa. Yaani linajitahidi zaidi! Nikaangalia saa. Nikasema moyoni, likifika dakika arobaini ndipo lizime, basi tatizo si pampu.

Likafika Ihumwa. Karibu dakika arobaini. Likakohoa.

Ninyi, nilifurahi! Lori linakufa na mimi natabasamu. Mzee Jumbe akaniona akadhani nimechanganyikiwa.

"Unacheka nini? Pampu imekwisha. Hapa ni kuvutwa tu."

Na kabla sijajibu, dereva mmoja wa tipa akasimama mbele yetu. Kijana mwema kabisa, akashuka na mnyororo begani. "Shikamooni wazee. Niwavute mpaka mjini? Siwadai kitu."

Mjini pale, wakuu. Majengo yanaonekana.

Mama akakunja kanga yake, akashika mfuko, mkono kwenye kitasa cha mlango. Uso wake haukuwa na ushindi wowote. Ulikuwa umechoka. Hiyo ndiyo iliniuma.

Nikasema, "Mzee Jumbe, nakuomba kwa heshima zote, usiguse kitu."

"Kwa nini?"

"Mara zote mbili umefanya mambo mengi kwa pamoja, likawaka. Mimi nataka tufanye moja moja."

Akanuna. "Astaghfirullah. Haya, fundisha darasa lako hapa barabarani."

Kutoa upepo nikaacha. Chujio nikaacha. Nikaenda kwenye mfuniko wa tenki. Ulikuwa umeng'ang'ania, nikauzungusha kwa mikono miwili.

Fyuuuuuuu.

Hewa inaingia. Inaingia ndani, haitoki. Na ubavu wa tenki uliokuwa umebonyea bila mimi kuuona ukarudi mahali pake: ko!

Nilisimama pale na mfuniko mkononi.

Kila mwaka, Form Two, nachukua kopo la bati, nachemsha maji kidogo ndani, naliziba, nalimwagia maji ya baridi. Linajikunja lenyewe. Wanafunzi wanapiga makofi. Nawaambia hewa ya nje ina nguvu, ndani ikipungua bati linakandamizwa. Miaka kumi na moja nafundisha hilo. Na mimi huyo huyo nimeliziba tenki la lori kwa tyubu na gundi ya chuma, halafu nataka injini inyonye dizeli kwenye chombo kisichopumua. Tena tumelijaza mpaka shingoni, hewa ya ndani ilikuwa kidogo sana, ndiyo maana lilizima upesi mara ya kwanza. Na mara zile mbili mzee alianza na chujio, hewa ikajipenyeza kwa huko, ndiyo maana mfuniko haukulia.

"Piga selfu, mzee," nikasema.

Mzee Jumbe akapiga. Likawaka palepale, bila kuguswa kitu kingine chochote.

Akashuka, akauchukua mfuniko, akaugeuza, akakwangua rangi kwa kucha akaiona gundi. Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Na mimi nilisema safi." Tukaangaliana, tukacheka mpaka yule kijana wa tipa naye akacheka bila kujua kwa nini.

Mama akatoa kichwa dirishani.

"Kile kitambaa changu kiko wapi?"

"Kitambaa gani mama?"

"Cha hapo. Baba yako kila msimu alikuwa anakata kanga yangu. Anasema lori halitaki mfuniko, linataka kitambaa, lipumue na vumbi lisiingie. Nilikuwa nagomba! Nikajua ni uongo wake wa kuharibu kanga zangu tu."

Nikamwambia nimekitupa. Sikuweza kumtazama.

Mama akashuka, polepole, kajishikilia mlangoni. Akatoa kanga ya begani, mpya kabisa, akaing'ata pembeni, akaichana. Krrra. Akanipa kipande.

"Funga vizuri. Alikuwa anakunja mara mbili."

Nikakunja mara mbili. Lile duara la tyubu nililolikata kwa ujuaji wangu nikalichana mzunguko likawa kamba, nikafungia. Kijana wa tipa akamshika mama mkono kumpandisha, akarudisha mnyororo wake kwenye gari, akatupigia honi.

Ihumwa mpaka Kikuyu halikukohoa hata mara moja.

Tukaingia mtaani kwangu, majirani wametoka, watoto wanapiga kelele. Mzee Jumbe akasimamisha mbele ya geti, akanyoosha mkono kuvuta waya wa kuzimia injini.

Mama akamshika mkono.

"Usizime kwanza."

Tukakaa. Lori linaunguruma, kioo kinatetemeka. Mama alikuwa analia, machozi yanatiririka tu na hayafuti. Baada ya muda akasema, "Nilikuwa nasikia hivi kutoka mbali, naweka maji ya ugali jikoni. Akiingia uani yanachemka. Halafu likawa kimya miaka yote hii."

Mzee Jumbe akageukia dirisha lake. Mimi nililia waziwazi, sina cha kuficha.

Somo langu ni hili. Kabla ya safari nilikuwa nimeuliza mafundi watatu, nimeangalia video mpaka bando limeisha, hata humu jukwaani nilifungua uzi kuuliza habari za malori ya pua. Mtu aliyeishi na lile lori nyumba moja sikumuuliza swali hata moja. Nilidhani analichukia. Ukifufua kitu cha zamani, kabla hujatupa tambara, muulize mwenye nyumba lilikuwa la kazi gani.

Na kama unajua kanuni fulani ya darasani, jichunguze kama unaijua na nje ya darasa. Mimi bado najichunguza.

Wenye malori ya zamani, mliolelewa na madereva, njooni tuongee: nini mlikitupa mkaja kugundua ndicho kilikuwa kinaendesha gari? Na anayejua mahali pa kupata vioo vya pembeni vya lori la pua anisaidie, cha kushoto kimepasuka.

Mama yuko hapa kwangu mpaka Jumapili. Ameniambia nimsomee comment zote kwa sauti, kwa hiyo andikeni kwa adabu.