Kitanda cha Mama Mkwe Ofisini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa sebuleni kwetu Utende na risiti za mafundi mapajani, sijui hata pa kuanzia. Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia malazi na boti wageni wanaokuja kutazama papa potwe, wale samaki wakubwa mno wa baharini, nayo niliifanyia katika chumba cha mbele, humo humo nyumbani.

Mume wangu Bakari alikuwa amebadilisha mabati ya nyumba nzima, ameweka vigae jikoni, na chumba changu cha kazi amekiongeza upana. Mtaani walituambia gharama zote hizo zitatolewa kwenye mapato, kodi ipungue. Tukafurahi.

Nikaenda kwa afisa wa kodi, binti mpole. Akanieleza: jiko halihusiki. Mabati, inahesabiwa sehemu ya chumba cha kazi tu. Kukiongeza chumba si matengenezo, ni kujenga, kwa hiyo gharama yake hutolewa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Nikawa naitikia kwa kichwa, na kumbe nilikuwa nimepotea tangu kwenye mabati.

Kisha akauliza, "Chumba hicho ni cha kazi tu, mama?"

Nikamwambia nitarudi kumjibu. Mama mkwe wangu alikuwa akilala humo, kitanda chake kando ya meza yangu. Kifua kilimsumbua, na humo ndimo mlimokuwa na upepo.

Nyumbani nikamweleza Bakari, akasema, "Tumhamishie mama chumba cha uani. Kitanda kikitoka, chumba chote ni ofisi."

Mama alikuwa anasikia. Akaita kutoka ndani, "Kwani Bakari, kodi inayowasumbua ni mimi?"

Nikasema kitanda hakitoki. Nikarudi kwa yule binti nikamweleza wazi kwamba nusu ya chumba ni ya mgonjwa wetu. Gharama za chumba zikahesabiwa nusu tu, kodi ikazidi kuliko tulivyotarajia, na hesabu yenyewe, wallahi, mpaka leo sijaielewa yote.

Basi wewe unayetaka kufungua ofisi nyumbani, waulize wa kodi kabla fundi hajapanda juu ya paa. Risiti za kazi usizichanganye na za jikoni. Usipoelewa, sema hujaelewa, usiitikie tu kama mimi. Na ukiona kwamba chumba kikiwa kitupu ndipo utapata nafuu ya kodi, tazama kwanza nani analala humo.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, mwanangu, na wazee wako wapate usingizi mwema chini ya paa lako. Amin.