Fomu Niliyoijaza Bila Kuvuka Kijito

Sitakuapia. Nimekwisha kutia saini yangu chini ya uongo mmoja, na mtu wa namna hiyo kiapo chake hakina uzito. Nitakueleza tu jambo lilivyonitokea, kwa mpangilio wake, bila kuongeza chumvi, halafu uamue mwenyewe. Watu hudhani mambo haya hungoja giza. Mimi yalinikuta saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili na nilifanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, ili nami nisajiliwe. Utaratibu ni kwamba kila kazi ya uwandani unaiandika katika kitabu cha mafunzo, msimamizi anatia saini, kisha unaitwa kwenye usaili. Kitabu changu kilibakiza kazi moja tu. Kazi hiyo ilikuwa Ruhembe, ambako barabara ya malori ya miwa ilitakiwa kupanuliwa. Tulitumwa kuthamini mashamba yatakayopitiwa, ili wenyewe wafidiwe. Tulilala Mikumi, tukienda na kurudi kila siku.

Kuthamini shamba si kulitazama tu. Unahesabu migomba, unapima kuta za nyumba, na unaandika makaburi pia, kwa kuwa kaburi lina haki ya kuhamishwa kwa heshima kabla greda halijafika. Mwisho, mwenye mali husimama mbele ya mali yake akiwa ameshika ubao mdogo wenye namba yake, ukampiga picha. Picha hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulifika na mlionana.

Shamba la mwisho lilikuwa la mama mmoja aitwaye Mwajuma, ng'ambo ya kijito. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalifika magotini. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa Dumila akimwuguza binti yake aliyejifungua. Aliyenipokea ni jirani yake, Masanja, mfugaji na mkulima aliyehamia kutoka kanda ya ziwa miaka mingi iliyopita.

"Vuka basi, bosi," aliniambia. "Au hivyo viatu umeazima?"

"Gari linanisubiri. Shika ubao huu kwa niaba yake, simama hapo hapo, shamba litaonekana nyuma yako."

"Mimi ndiyo niwe Mwajuma? Na ndevu hizi?" Alicheka, lakini akaushika. Kisha akaacha kucheka. "Ila nyuma ya migomba ile kuna kaburi la mama yake. Mawe mawili. Usije ukaliacha."

Nilimsikia. Naomba hilo ulishike, maana kila kitu kinaanzia hapo: nilimsikia vizuri. Lakini kichwani nilijijengea hoja. Mthamini huandika alichokikagua. Kaburi hilo sijalikagua. Nikiliandika bila kuliona, nitakuwa nimedanganya. Unaona jinsi elimu inavyoweza kumsaidia mtu kutenda ubaya kwa unadhifu? Nilihesabu migomba kwa macho kutoka ukingoni, na kwenye fomu, penye mstari wa makaburi, nikaandika "hakuna". Chini nikatia saini kwamba nimekagua mwenyewe.

Siku nne baadaye msimamizi alinituma peke yangu kupima upya mpaka wa shamba jingine, upande wa huku wa kijito. Nilipomaliza, wakata miwa walikuwa wamekwenda kupumzika na bodaboda niliyempigia simu alikuwa hajafika. Nilikaa ukingoni, ubao nimeulaza juani kando yangu. Nikasikia mtu akikohoa.

Mama mtu mzima alikuwa amesimama ng'ambo, penye migomba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Nilisimama nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Wewe umewahi kumwamkia mtu mzima wa huku akaacha kukuitikia? Hata uliyemuudhi hukuitikia kwanza, ndipo akugombeze. Nilirudia. Alinitazama tu, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wenzangu wote umewaandika. Mimi utaniandika lini?"

Nilivuka. Ajabu ni kwamba safari hii sikuvifikiria viatu. Nilidhani ni ndugu wa Mwajuma mwenye mazao yake shambani humo, nikamwuliza jina.

"Tatu binti Salum."

"Una nini hapa, mama?"

"Sina kitu. Nina mahali pa kulala tu."

Niliandika namba kwenye ubao, nikampa. Aliushika kifuani kama wafanyavyo wote. Nikapiga picha, kisha nikainama kuandika jina lake daftarini. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Hakuna jani la mgomba lililokuwa limetikisika. Ubao ulikuwa umeegemea jiwe, na jiwe lile lilikuwa na mwenzake, hatua mbili mbele. Niliuchukua. Ulikuwa umeshinda juani, lakini mkononi ulikuwa wa baridi, na mgongoni mwake ulikuwa na udongo mbichi.

Jioni, chumbani Mikumi, nilifungua picha. Niamini ninapokwambia nilikuwa nakumbuka kimo chake. Ubao ulikuwa kwenye usawa wa kifua changu nilipopiga. Katika picha, ubao ulikuwa chini, katikati ya majani, umeegemea jiwe. Mtu hakuwepo.

Nilimpigia Masanja. "Mama yake Mwajuma alikuwa akiitwa nani?"

"Marehemu Bi Tatu. Kwani vipi, umemwona?" Akacheka peke yake.

Taarifa ilikuwa ikabidhiwe asubuhi. Laiti ningekuwa na shaka! Sikuwa nayo. Nilijua kaburi lipo, nilijua ni la nani, nilijua greda linakuja. Lakini kuisahihisha fomu kulimaanisha kumwambia msimamizi kwamba saini yangu ni ya uongo, naye asingetia yake. Nililipima hilo usiku kucha, kwa makini yale yale niliyofundishwa kupimia ardhi. Kulipopambazuka niliifuta picha. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Nilisajiliwa. Kwenye usaili waliniuliza: mthamini akishindwa kuifikia mali, afanye nini? Nilijibu kwa ufasaha mpaka mmoja wao akatabasamu.

Mwajuma aliporudi alikuta tuta la barabara. Nilikaa na jambo hilo miezi kadhaa, kisha nikashindwa kula. Nikaenda kwake, nikamweleza yote, hata la picha. Sikutegemea aniamini, lakini nilipotaja ile kanga ya kichwani alifumba macho, kama aliyemtambua mama yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Mungu atakuhukumu, si mimi. Sasa nyanyuka unionyeshe alipo."

Tulikwenda. Migomba ilikuwa imeng'olewa, mawe yamesukumwa, kijito kimepitishwa kwenye karavati. Hata yeye aliyezaliwa pale alizunguka kama mgeni. Simu yangu hurekodi mahali kila picha inapopigwa. Ile moja ndiyo pekee iliyojua, na niliifuta kwa kidole changu.

"Hapa," nilisema. Kisha nikasogea. "Au pale."

"Hapa au pale, mwanangu?"

Hadi leo, kila ninapopata nafasi, huenda Ruhembe, na kila mara huniuliza swali hilo hilo kwa upole ule ule. Kwa kuwa sijui, yeye huanza mwanzo wa tuta na kutembea pembezoni hadi mwisho, akisoma Fatiha, ili popote mama yake alipo imfikie. Malori ya miwa yakipita husimama, hungoja vumbi litulie, akaendelea. Mimi humfuata nyuma. Bi Tatu sijamwona tena. Wala sistahili.

Wewe unayejifunza kazi hii, sikuombi uogope wafu. Ogopa kalamu yako. Ukiambiwa kuna mtu ng'ambo, vua viatu uvuke, hata kama gari limekwisha kuwashwa. Na kama tayari umeandika "hakuna", amka sasa hivi urudi, kabla greda halijapita.