Mbuzi wa Bibi na Mpaka Usiokuwepo

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku moja kabla ya harusi, mbuzi wetu alizuiwa njiani. Mimi nilikuwa Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, jikoni kwa mpwa wangu, bwana harusi. Mbuzi alikuwa kwetu, milimani, ambako tarafa yetu imejitangaza kuwa dola isiyotambuliwa na nchi yoyote; walinzi wake ndio waliomzuia.

Mahari tunaweza kujadili hata Stockholm, lakini mbuzi wa bibi lazima afike kwa miguu yake mlangoni pa bibi wa binti anayeolewa. Bibi asipompokea hatoi baraka, na binti alishasema bila baraka hiyo haingii kanisani huku Sweden.

Mpwa wangu aliuliza, kwa Kiswidi, kama mbuzi hawezi kutumwa kwa simu. Nilimpigia mjomba wa binti, anayeishi Jakobsberg, upande mwingine wa jiji, ambaye dola hiyo imemteua balozi wake.

"Mkwe, mbuzi huyo ametoka nchi ya nje. Ana ushuru."

"Amenunuliwa soko la jirani, Mheshimiwa. Mwendo wa saa moja."

"Ndiyo nchi ya nje yenyewe."

Nilimweleza kwamba, kwa vitabu nilivyoazima maktaba ya Vällingby, dola inahitaji ardhi, watu, serikali na kutambuliwa.

"Matatu ya kwanza tunayo," alisema. "La nne utalileta wewe, ukilipa."

Nililipa. Stakabadhi iliingia kwenye simu kabla chai haijapoa, ina nembo, namba, hata rangi ya mbuzi. Katika miaka yangu yote Sweden sijahudumiwa upesi hivyo.

Kumbe askari wa serikali kuu walikuwa jirani tu, wakitazama. Walimwita binamu yangu aliyekuwa akimswaga mbuzi.

"Hapa hakuna mpaka," walimwambia. "Sasa umelipa ushuru wa mpaka gani?"

Walimtoza faini ya kuitambua dola ambayo haipo. Hao hawakutoa stakabadhi.

Jioni bibi alipiga simu. Mpwa wangu alisimama wima kama yuko mbele ya hakimu.

"Nimempokea," bibi alisema. "Lakini mbona amechoka hivi?"

"Amevuka nchi mbili, bibi," nilimwambia.

"Nchi gani tena, baba? Si ametoka pale sokoni?"

Kesho yake walifunga ndoa. Mbuzi alitugharimu kroni mia sita. Kumvusha, kroni mia tisa na arobaini.