Fundi Viatu na Gunia la Mita Sitini

Umande haujakauka. Nyuma ya karakana ya seremala, mkewe anasimama ubavu, mguu wa kushoto mbele, anavuta upinde mpaka uzi unamgusa kidevu. Anaachia. Mshale unapaa, unainama, unajichomeka pembeni mwa gunia la maranda lililotundikwa mita sitini kutoka alipo.

"Mkono umeshuka tena, mama watoto," mumewe anasema kutoka mlangoni.

"Nimeona. Wewe piga randa yako."

Mtaani mwanamke huyu anaitwa Fundi Viatu, maana ndiyo kazi yake ya kutwa. Lakini nguruwe pori wakivamia mashamba, wakulima humfuata yeye. Ana kibali cha kuwinda, na upinde aliachiwa na baba yake.

Mwaka jana nusura autupe. Alimpiga dume kwa karibu, mshale ukaingia vibaya. Mnyama akageuka, akamvaa seremala aliyekuwa amemsindikiza na kumchana paja.

"Nilipoona ile damu, niliapa sishiki tena upinde," anasema. "Nilimwambia, baba watoto, nimekuponza."

Mumewe alilazwa wiki tatu. Aliporudi, akichechemea, ndiye aliyelijaza gunia na kulipeleka mbali. "Kwa karibu kosa linajificha," anaeleza. "Kwa mbali linakuumbua."

Mwanzoni mishale haikuligusa hata kidogo. Wifi yake, mkulima wa jirani, akawa anamtania: "Hilo gunia litakufa kwa uzee!"

Polepole kosa likajionyesha: alikuwa akishusha mkono kabla mshale haujatoka. Akaanza kuusubiri mshale ufike ndipo ashushe mkono.

Mnyama, hata hivyo, hamtupii kwa mbali. "Kule ni shule. Shambani nangoja anikaribie."

Jumamosi iliyopita, jioni, nguruwe waliingia kwenye mahindi ya wifi. Seremala alikataa katakata kubaki nyumbani. Fundi Viatu alingoja mpaka dume akafika hatua kumi na tano, ubavu wazi, akaachia. Mnyama alikwenda kidogo, akalala.

"Sikushangilia. Nilikaa kwenye tuta, nikashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa mwaka mzima."

"Mimi nilikuwa nimeshaukumbatia mti," mumewe anadakia, akicheka.

Sasa wifi naye ameomba kufundishwa, na wataanza wiki ijayo.

"Nataka mwenzangu wa zamu," anasema Fundi Viatu. "Mahindi yakibeba msimu ujao, twende sisi wawili. Huyu bwana abaki nyumbani, nirudi nimkute mzima."